Nina milioni 17, nipo Mbeya: Surf, Escudo au RAV4 ya mkononi kwa njia za milimani?

Mbegu_Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina milioni 17 taslimu. Nimechoka kukodi Noah za watu, zinanasa kila mvua ikinyesha na bado nadaiwa hela ya kuzivuta. Nataka gari langu, lililokwishatumika hapahapa nchini, lenye uwezo wa kupanda milima masika. Nimeona matatu hapa mjini: Hilux Surf namba B, anataka 16.5, Suzuki Escudo namba C, 11.5, RAV4 Kilitime (ile ya kizazi cha pili) namba C, 13. Mwenye Surf anadai jibu kabla ya Jumamosi, eti kuna mteja anakuja kutoka Tunduma. Nichukue lipi?

Fundi_Sae
Mkuu, hapo hujatupa cha kukusaidia nacho. Unakwenda wapi, na mara ngapi kwa wiki? Unabeba nini, kilo ngapi? Surf ina injini gani? RAV4 inavuta tairi nne au mbili? Na hizo milioni 17 ni za kununulia tu, au humohumo kuna bima, kubadilisha jina la kadi, matairi na matengenezo ya kwanza? Jibu haya kwanza. Mtu akikuchagulia gari bila kuyajua, anakuchagulia gari lake yeye.

Kamwene_Mafinga
Kamwenee! Chukua Escudo, ulale usingizi. Ninayo mwaka wa saba, naingia nayo mashamba ya miti huko Mgololo barabara ikiwa kama sabuni. Ina chasisi, ina gia nzito ya L4, injini ya petroli ya cc 2000, na ni nyepesi. Kwenye tope, gari jepesi linapita juu, zito linazama. Hiyo 5.5 inayobaki nunua matairi mapya manne yenye meno.

Mzee_wa_Tdi
Vijana, mbona hakuna anayetaja Land Rover? Mimi natoka Ludewa, nina Defender 110 ya injini ya dizeli ya 300Tdi. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta, na fundi wa kijijini anaifungua chini ya mwembe. Kwa milioni 17 Defender nzuri hupati, lakini Discovery ya zamani yenye injini hiyohiyo unaipata na chenji inabaki.

Fundi_Sae
Mzee wangu shikamoo. Injini hiyo nakubali. Ila Discovery inaoza sakafu na buti kimyakimya chini ya zulia. Mwenye bajeti finyu hawezi kununua injini nzuri akaanza kuchomelea mwili mzima.

Mzee_wa_Tdi
Marahaba. Ndiyo maana nikasema atazame kwanza. Zulia linafunuliwa, kwani limeshonewa?

Mbegu_Uyole
Samahanini wakuu, nilikuwa safarini. Nauza mbegu za viazi. Nakwenda Isyonje hadi Kikondo mara mbili kwa wiki, na mara moja kwa mwezi Matamba kwa kupitia Chimala. Nabeba gunia nne, tano msimu ukichanganya, na kijana mmoja wa kushusha. Surf ni dizeli, ina turbo, otomatiki. RAV4 mwenyewe anasema ni fowili, yaani inavuta tairi nne. Milioni 17 ndiyo yote niliyonayo.

Fundi_Sae
Gunia tano ni kilo ngapi?

Mbegu_Uyole
Kilo mia kila moja.

Ndaga_Tukuyu
Kilo mia za kweli au lumbesa? Huku kwetu gunia lenye kilemba juu ukilipima linafika 130. Wanunuzi wanalazimisha lumbesa, mkulima anaumia, na sasa hata chasisi za magari zinaumia.

Kamwene_Mafinga
Lumbesa ilishakatazwa siku nyingi. Tatizo ni usimamizi.

Ndaga_Tukuyu
Ilikatazwa kwenye karatasi. Njoo shambani asubuhi uone wanavyoshindilia na kushona kofia ya juu. Mimi nimelima viazi miaka kumi na minne, hili linanichoma.

Mbegu_Uyole
Zangu ni za mbegu ndugu yangu, zinapimwa kwenye mizani. Mkulima nikimpunja kilo leo, msimu ujao harudi.

Fundi_Sae
Basi ni kilo 500 za mzigo na watu wawili juu yake. Hapo Escudo na RAV4 zimeshatoka. Ukizipakia hivyo kila wiki, springi za nyuma zitalala na bereng'i za nyuma zitaanza kulia kabla mwaka haujaisha. Kamwene, Escudo yako inabeba wewe na panga, usimshauri mwenzako kwa hilo.

Kamwene_Mafinga
Inabeba miche pia, tena trei nyingi. Lakini kwa kilo 500, sawa, nakubali.

Fundi_Sae
Kuhusu RAV4: Kilitime nyingi za cc 1800 zinavuta tairi za mbele tu. Za tairi nne zilizotoka Japani kipindi hicho ni za cc 2000, na nyingi zina injini ya D4 inayorusha petroli moja kwa moja kwenye silinda. Ile inataka mafuta safi na fundi anayeielewa. Mafuta ya kwenye madumu vijijini yanaiua. Usimwamini mwenye gari wala kibandiko cha mlangoni. Inama uangalie kama kuna propela, lile bomba refu linalozunguka kwenda nyuma, na difu, lile bonge la gia katikati ya tairi za nyuma. Isipokuwepo, hakuna fowili.

Surf ya turbo dizeli kwa umri huo mara nyingi ni ya injini ya 1KZ, cc 3000. Ina nguvu na spea zipo hapa mjini Mwanjelwa. Lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana: ikichemsha, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapasuka.

Binti_Makete
Niruhusuni nieleze, maana hapo kwenye 1KZ nina kidonda.

Nilinunua Prado yenye injini hiyo. Mji na muuzaji sivitaji. Nilifika saa nne asubuhi, gari limeoshwa, injini inang'aa kama sufuria ya harusi, na lilikuwa tayari linanguruma. Nikafurahi kwamba linawaka vizuri. Sikujiuliza kwa nini limewashwa kabla sijafika. Tukalizungusha mjini kwenye tambarare dakika ishirini, sindano ya joto katikati, nikalipa.

Safari ya kwanza nilikuwa na mama, namrudisha nyumbani kutoka matibabu. Makambako hadi Chimala tulikwenda salama kabisa. Tukaanza kupanda Hamsini na Saba. Wanaoijua njia ile wanajua, kona ni hamsini na saba na kila moja inakupandisha. Kama kona ya thelathini hivi, hita ikaanza kupuliza hewa ya baridi. Mama akasema anasikia baridi. Mimi nikadhani hita imeharibika, nikaendelea. Sindano bado ilikuwa katikati! Kona tatu mbele ikaruka juu ghafla, mvuke ukatoka, gari likakosa nguvu na kuzima.

Fundi alikuja kuniambia baadaye kwamba hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, maana yake maji hayafiki tena huko juu. Ile ndiyo ilikuwa dalili yangu, ningesimama palepale. Na akaniambia sindano ya Toyota nyingi inakaa katikati hata joto likibadilika, ikija kupanda umeshachelewa.

Tulikaa pale tangu saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, mama amejifunika kanga mbili na koti langu, hadi lori la viazi likatuchukua. Gari lilipofunguliwa, hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu. Ndani ya rejeta kulikuwa na ule unga wa kuzibia matundu, umeganda kama uji. Hedi, gasketi, mkanda wa taiming, rejeta na ufundi vilikula milioni 3.8, na gari lilikaa gereji miezi miwili. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Gari uliliona, ukalikubali."

Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini ule usiku siusahau.

Ndaga_Tukuyu
Pole sana dada. Pole kwa mama.

Mzee_wa_Tdi
Pole mwanangu. Hata 300Tdi ikichemsha inaunguza gasketi, siwezi kuidanganyia. Gari lolote la milimani, mfumo wa maji kwanza.

Mbegu_Uyole
Pole dada. Umenitisha, maana Hamsini na Saba ndiyo njia yangu ya kila mwezi. Fundi, naikaguaje hiyo Surf?

Fundi_Sae
Usiku wa kuamkia siku ya kwenda, mwambie mwenye gari asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ahirisha, rudi kesho yake. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, ile dawa ya kupoozea injini. Yakiwa na kutu, utando wa oili au chembechembe kama zile za dada, shukuru na uondoke. Fungua mfuniko wa oili: ukiona ute kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili.

Kisha liwashwe rejeta likiwa wazi, wewe unaangalia maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Yakiendelea bila kukoma, gesi ya silinda inapita. Funga, shika hozi ya juu. Ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja na injini bado baridi, hedi au gasketi imeshakufa. Angalia moshi pia: mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji, wa bluu ni oili, mweusi kidogo ukikanyaga kwa dizeli ya umri huo usikutishe.

Baada ya hapo panda nalo barabara ya Chunya, ule mlima wa kuelekea World's End, watu wanne ndani, hita imewashwa. Tambarare ya Mwanjelwa haikuambii kitu. Ukifika juu liache lingurume, angalia kama maji yamesukumwa kwenye chupa ya akiba.

L4 ijaribu kwenye vumbi au majani, si kwenye lami kavu, maana mbele na nyuma vinafungana na giaboksi inaumia. Oili ya giaboksi inuse kwenye kijiti: ikinuka kuungua na kuwa nyeusi, hiyo ni hela nyingine. Piga jeki kila tairi, litikise juu na chini, halafu kulia na kushoto. Legeza nati ya kujazia oili ya difu, chovya kidole. Oili nyeupe maana yake limepita mtoni na halikuhudumiwa. Mwisho lala chini na nyundo ndogo, gonga chasisi hasa nyuma juu ya ekseli. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabubujika vumbi. Gari lililokaa pwani linaanzia kuoza hapo.

Na taa ya mkanda wa taiming kwenye magari haya ya Japani huwaka kwenye kilomita laki moja. Muulize ulibadilishwa lini, akuonyeshe risiti. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Karani_Njombe
Na karatasi je? Jina la kwenye kadi lilingane na la anayepokea hela, na namba ya chasisi isome mwenyewe kwenye chuma, upande wa kulia mbele. Ingiza namba ya gari uangalie madeni ya faini za trafiki na maegesho. Nendeni TRA pamoja kabla hujamalizia hela, acha hata kidogo mkononi mwako.

Kamwene_Mafinga
Mimi bado nauliza, kwa nini dizeli? Turbo, nozeli, pampu, kila kitu bei. Kuna Surf za petroli za cc 2700, injini yake haisumbui.

Fundi_Sae
Kikondo na Kitulo ni zaidi ya mita 2,500. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kama asilimia kumi kila ukipanda mita elfu moja, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Na kilo 500 nyuma? Turbo inafidia.

Kamwene_Mafinga
Inapanda polepole, lakini inapanda, na haipasuki hedi. Dada wa Makete angekuwa na 2700 angefika.

Binti_Makete
Ningekagua, ningefika kwa lolote kati ya hayo. Leo naendesha Prado ileile, hedi mpya, mwaka wa tatu sasa, na Hamsini na Saba napanda.

Mwana_Iringa
Kwa nini asiagize Japani moja kwa moja?

Karani_Njombe
Kwa milioni 17? Gari lenye zaidi ya miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya kodi nyingine. Surf ziliacha kutengenezwa muundo huo 2002. Hesabu mwenyewe.

Mbegu_Uyole
Wakuu, nimerudi. RAV4 nimeinama, hakuna propela. Mwenye gari alinyamaza. Escudo imeshauzwa. Kwenye Surf nilifika saa moja asubuhi, nikaweka kiganja: ya moto. Akasema mtoto wake aliipeleka kununua maziwa. Nimemwomba nirudi Jumamosi saa kumi na mbili, akasita, kisha akasema sawa, ila yule mteja wa Tunduma akija kwanza hatamnyima. Chasisi nimegonga, inalia vizuri. Kulanti sikuweza kuangalia.

Fundi_Sae
Jumamosi nipo. Nitumie ujumbe wa ndani, nitakuja na kipimo cha joto cha mkono.

Ndaga_Tukuyu
Mtunduma mwache aje. Hata mimi nilipouza ng'ombe kulikuwa na mteja wa kutoka Kyela kila siku.

Mzee_wa_Tdi
Mwanangu, ukikosa hiyo Surf, kuna Discovery hapa Ludewa ya mwalimu mstaafu. Sakafu nimefunua mwenyewe.

Mbegu_Uyole
Mzee shikamoo, anataka ngapi? Na sakafu ikoje?

Binti_Makete
Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Prado yangu mwezi wa sita na wa saba, umande ukiganda, haishiki asubuhi hadi mara ya nne, na inatoa moshi mweupe dakika mbili kisha inatulia. Betri ni mpya. Fundi, ni hita plagi, zile za kupasha dizeli kabla ya kuwaka, au nianze kuogopa tena?

Fundi_Sae
Moshi unanuka dizeli mbichi au una utamu?

Binti_Makete
Dizeli.

Fundi_Sae
Basi ni plagi. Zitoe zote nne, zipime mojamoja na betri.