Wakuu, vekta zangu hazinunuliwi mtandaoni, naombeni ushauri

Rangi_Mbili:
Habari zenu wakuu. Natengeneza vekta, yaani michoro ya kompyuta unayoweza kuikuza bila kuharibika, na kuziuza kwenye site za picha, Adobe Stock na Shutterstock. Nina mafaili zaidi ya mia tatu, mengi ni wanyama wa mbugani. Mauzo ni ya kubahatisha: leo senti kumi za dola, halafu kimya mpaka mwezi unakatika. Mke anauliza huku kukesha kunaleta nini. Nifanye nini zionekane? Nimekwama kweli.

Binti_Pangani:
Pole kaka. Adobe Stock wanapokea maneno ya utafutaji 49, na kumi ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Usiyapoteze kwa "Afrika" na "sanaa", anza na kilichomo kwenye picha. Na tembo wako wengi mno humo. Mnunuzi ni mtu wa matangazo, anatafuta mama ntilie anapokea malipo kwa simu, bodaboda na abiria wake, foleni ya kliniki. Za Krismasi zipandishe Septemba, Desemba watu wameshanunua.

Kodi_Kwanza:
Mimi nakumbusha fomu ya W-8BEN, ile ya kodi ya Marekani wanayojaza wasio raia wa kule. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa 30%. Shutterstock nao kila Januari mosi wanakurudisha ngazi ya kwanza ya malipo, unapata 15% ya mauzo. Adobe wanakupa 33%, haishuki. Piga hesabu kabla ya kulaumu maneno ya utafutaji.

Mzee_wa_Kishapu:
Vijana mnataka hela ya kubofya. Mimi nimeandika vibao vya maduka Shinyanga mjini kwa brashi, mteja anasimama nyuma yako, herufi ikipinda anakuambia hapo hapo. Nimesomesha watoto kwa kazi ile. Toka nje utafute wateja unaowaona, mwanangu.

Binti_Pangani:
Shikamoo mzee. Kaka, weka picha moja hapa tuione.

Rangi_Mbili:
Ubora hauna shida dada, site zimezipokea. Shida ni kuonekana tu. Haya, chui huyo hapo.

Binti_Pangani:
Nimemkuza. Mgongoni ana doa jeupe lenye kingo za meno meno. Huo ni mng'ao wa rangi ya mafuta, taa imepiga kwenye ubao. Na kona ya chini kulia kuna vipande vya herufi, kama sahihi iliyokatwa. Kaka, huyu chui umemchora wewe?

Rangi_Mbili:
Nimemtengeneza mimi. Napiga picha michoro ya Tingatinga, naipitisha Image Trace, ile zana ya Illustrator inayogeuza picha kuwa vekta, nasafisha rangi, nabadilisha mandhari ya nyuma. Hiyo ni kazi, inachukua usiku mzima. Tingatinga mwenyewe alifariki 1972 na mtindo wake ni wa Watanzania wote. Kuna site moja imeniletea onyo, ndiyo, ila wale wanaonya kila mtu. Nimeshaanza kusajili akaunti nyingine kwa kitambulisho cha mdogo wangu, naona ndiyo njia salama.

Kodi_Kwanza:
Jina la mdogo wako, W-8BEN ya nani?

Binti_Pangani:
Mtindo ni wa wote, sikatai. Lakini sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Hao wachoraji wa Tingatinga wanaokaa pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar, wanachora na kuuza siku hizi, wako hai. Sahihi uliyoikata ni ya mtu anayelisha familia kwa ubao huo. Inaniuma, maana baba yangu mdogo ni mmoja wao. Halafu hata kiufundi hazitauzika: Image Trace inakumwagia maelfu ya nukta, mnunuzi akitaka kubadilisha rangi ya jicho tu anahangaika, anaondoka.

Rangi_Mbili:
Dada, mbona watalii wanapiga picha bure?

Jicho_la_Tai:
Wakuu mnapigwa chai. ID hii hii wiki iliyopita ilikuwa jukwaa la biashara inatangaza darasa la kuuza vekta, "ulipwe kwa dola", ada elfu hamsini. Leo hauzi na mke anasema? Anatafuta wanafunzi huyu.

Mzee_wa_Kishapu:
Nilijua. Hela ya kubofya.

Rangi_Mbili:
Siyo chai. Darasa lipo, na watu wachache wameshalipa. Ndiyo maana nataka mauzo yapande kwanza, niwaonyeshe kitu halisi. Ada nimeshanunulia laptopu, na laptopu ni ya kuwafundishia hao hao. Sijamdhulumu mtu.

Binti_Pangani:
Kama ni kweli, akaunti ya mdogo wako iache leo hii, mtafungiwa wote wawili na salio lipotee. Zifute zote zilizotoka kwenye mbao za watu. Chora kumi kwa mkono wako, maumbo yaliyofungwa, rangi chache, nitakukagulia bure. Lakini darasa usifundishe.

Mgeni_Mbagala:
Samahani wakuu, mimi ni mmoja wa waliolipa. Kaka, Jumatatu tunaanza au hatuanzi?

Rangi_Mbili:
Ndugu yangu, njoo PM tuyamalize.

Mgeni_Mbagala:
PM nimekuandikia tangu juzi hujajibu. Nijibu hapa hapa.