Naombeni ushauri: Linux ipi inamsomea mtu asiyeona vizuri?

Kidagaa_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Kuna mtu wangu wa karibu macho yanamsumbua, anataka kompyuta imsomee. Linux, ule mfumo wa kompyuta unaowekwa badala ya Windows, naambiwa ni ya bure. Ipi inafaa? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

FundiKombo: Ubuntu. Orca, programu ya kusoma kilicho kwenye skrini kwa sauti, imo humohumo. Bonyeza kwa pamoja Alt, kitufe chenye nembo ya Windows na S, inaanza kuongea.

MamaTatu: Mpeleke hospitali kwanza, mwanangu. Marehemu baba tulidhani ni uzee, kumbe presha ya macho. Mwishoni wajukuu alikuwa anawatambua kwa kuwapapasa vichwa.

Kijiweni: Mimi ninaye anayeongea hata umeme ukikatika. Nikuazime?

FundiKombo: Mkuu, Jumamosi kuna nini?

Kidagaa_Mbagala: Fundi wa Kariakoo anafuta Windows, nusu ya hela nimeshampa. Na huyo mtu ni mimi. Ni hiyohiyo presha ya macho. Ofisini sijasema. Msinilaumu, programu ya kulipia siimudu, na kompyuta yenyewe ya zamani.

MzeeWaData: Chai hii. Macho mabovu halafu hujakosea hata nukta?

Kidagaa_Mbagala: Sijasema sioni kabisa. Pembeni ndiko kumekufa, naona kama nachungulia kwenye bomba. Hapa natumia simu, TalkBack inanitajia kila herufi ninayogusa.

Sauti_ya_Ilala: MzeeWaData, mimi sioni tangu utotoni na uzi huu nausoma kwa Orca. Na mimi ni chai?

Kidagaa, ndugu yangu, usifute kitu. Fundi akuwekee Ubuntu kwenye flashi, uiwashe bila kugusa Windows, usikilize. Sauti yake ni eSpeak NG. Kiswahili kipo, kikavu kama roboti, ila sikio huzoea. Ukifika kwenye barua ya Kiingereza badili sauti, la sivyo itasomwa kwa matamshi ya Kiswahili na hutaambulia kitu. Kazini unatumia programu gani?

Kidagaa_Mbagala: Ya mahesabu. Inafunguka kwenye Windows tu. Lakini fundi nimeshaahidiana naye.

Sauti_ya_Ilala: Hilo ungelisema mwanzo. Baki na Windows, weka NVDA, nayo husoma skrini kwa sauti. Ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, kama Orca. Linux jifunzie nyumbani kwa flashi.

MamaTatu: Na matone unaweka? Kliniki usiruke, baba.

Kidagaa_Mbagala: Naweka, mama. Na hela ya fundi je?

FundiKombo: Mwambie akuongezee RAM.