Tupeane uzoefu: kinyonga wako alikwama na mayai, ulifanyaje?

Bint_Shangani: Asubuhi nimemkuta kinyonga jike anakwaruza sementi ya baraza, tumbo limejaa mpaka anayumba. Nikamkumbuka wangu wa mwaka juzi. Nilimfuga kwenye chandarua cha mtoto, kile cha kukunja. Mayai yalitokeza ubavuni kama kunde ndani ya soksi. Siku ya kwanza akakataa panzi. Ya pili akashuka, akawa anazunguka sakafuni. Ya tatu macho yameingia ndani, anayafumba mchana kweupe, na mimi kila nusu saa nammulika na tochi ya simu! Nikampigia daktari wa mifugo, akacheka: "Dada, mimi ni wa ng'ombe." Shangazi akasema mkande kwa mafuta ya nazi kama mzazi. Nikamkanda. Nikasikia kitu kinalegea chini ya kidole, kama zabibu iliyopasuka. Hakufika alfajiri. Aliyewahi kuokoa wake aseme, huyu wa barazani bado mzima.

Njomba_wa_Newala: Pole njomba. Wangu alikufa hivyohivyo, ila mimi nilimkosesha maji.

KoroshoKavu: Mnahangaika bure. Kinyonga hupasuka tumbo, watoto wakatoka. Babu yangu kaona.

Mwalimu_Mstaafu: Wanaozaa watoto hai wapo, kama wale wa pembe tatu wa Mlima Meru, na hawapasuki. Huyu wetu wa pwani anachimba, anataga hata mayai 30 au 40, anafukia, anaondoka. Yanakaa ardhini karibu mwaka.

KoroshoKavu: Ulikuwepo anataga?

Mwalimu_Mstaafu: Nilikuwa mbali. Hataki kutazamwa, ndiyo maana babu yako hakuona kitu.

Mama_Mikindani: Ndoo ya lita 20, mchanga wa mtoni, si ule wa chumvi. Kina kifike kama rula ya shule. Lowanisha: ukiufinya ushikane, usichuruzike, na ukitoboa kwa kidole shimo lisibomoke. Mtie humo, funika kitenge, nenda zako. Wangu alichimba usiku kucha, umebaki mkia tu nje. Asubuhi kafukia, kakonda kama jani la mkorosho. Maji mnyunyizie majanini, bakulini hanywi.

Dume_la_Feri: Mpe supu ya pweza.

Mzee_wa_Nachingwea: Nyie wa ndoo subirini. Tulizika jirani jioni. Alfajiri tumerudi kaburini, tukakuta udongo unatikisika. Shehe akasimama. Ukatoka tena, kidogo kidogo, kama kuna anayesukuma kwa ndani. Watu walitawanyika, mmoja aliacha kilemba. Mimi nilibaki kwa sababu ndara ilikatika. Ndipo nikaona mkia umejikunja. Kinyonga wa mwanangu! Alitoroka siku 4 nyuma, kiangazi, ardhi yote jiwe, udongo laini ulikuwa pale tu. Ile familia hadi leo hainisalimii.

Njomba_wa_Newala: Nimecheka na nipo msibani, wallahi.

Dume_la_Feri: Kilemba kilirudi kwa mwenyewe?

Mzee_wa_Nachingwea: Ninacho.

Fundi_Mtanda: Rudini kwenye mada. Okoteni ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, usage, umnyunyizie panzi. Na jua la asubuhi, si la kupitia kioo.

Mama_Mikindani: Hiyo ni ya kabla. Akishakwama, macho yameingia, unga wa dome haumfai, anataka sindano ya daktari.

Fundi_Mtanda: Daktari yupi, wa ng'ombe?

Msitu_wa_Rondo: Mwacheni porini. Kufuga bila kibali, maliasili wakija msiseme hamkuambiwa. Na hata asiyeonja dume anajaa mayai, kwa hiyo kumtenga si dawa.

Bint_Shangani: Saa nne usiku. Ndoo iko barazani chini ya kitenge. Nasikia mchanga unakwaruzwa. Tochi nimempa shangazi akaifiche.

KoroshoKavu: Chungulia kidogo tu utuambie kama kapasuka.