Hivi mwili wa mtu ni asili tu au jamii nayo inaufinyanga?

Mdadisi_77:
Wadau habari zenu. Mi nimezoea mwili ni biolojia, umezaliwa nao, mifupa damu homoni, kwisha habari. Sasa kuna lekchara anatufundisha sosholojia anasema mwili nao unatengenezwa na jamii, hapo ndo ananiacha kwenye mataa. Mavazi, tattoo na mitindo ya nywele naelewa, ila misuli na mifupa jamii inaingiaje? Naombeni mifano jamani, sio maneno magumu.

kalamu_nyeusi:
Mkuu anza na kuchuchumaa. Mtoto wa miaka miwili anachuchumaa visigino vimelala chini kabisa, anacheza wala hana habari. Chukua mtu mzima aliyekalishwa kwenye kiti tangu chekechea umwambie achuchumae vile vile, visigino vinanyanyuka, anayumba, anatafuta pa kushika. Kifundo kimekaza kwa kukosa kazi, sasa hapo kesi ni ya biolojia au ya kiti?

Kuna mwanasosholojia Mfaransa, Marcel Mauss, alitoa mhadhara juu ya hili 1934. Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa na jeshi la Waingereza, akaona askari wazima wenye nguvu zao wanashindwa kuchimba na mabeleshi ya Kifaransa, ikawa wakipokezana zamu na Wafaransa inabidi wabadilishiwe mabeleshi 8,000 kwa kila divisheni (kikosi kikubwa cha jeshi). Mkono ukishafundwa namna moja haugeuki kirahisi. Baadaye akalazwa hospitali New York akawa anawaangalia manesi wanavyotembea, anajiuliza huu mwendo nimeuona wapi, kumbe kwenye sinema, na aliporudi Paris mabinti wa kule nao wameshaudaka. Hakuna aliyewaweka darasani.

mzee_wa_data:
Sosholojia kwa kutia chumvi hamjambo. Mguu ukivunjika umevunjika, kisukari ni kisukari, hakiulizi umekulia wapi. Mwendo wa manesi ni mazoea tu.

Bi_Hoja:
@mzee_wa_data hakuna aliyesema mfupa ni stori kaka. Swali ni nani kaamua mwili wa "kawaida" ni upi, maana huo ndo unatumika kukupimia wewe.

Angalia BMI, kile kipimo cha kuona kama uzito wako unaendana na urefu wako: uzito wa kilo ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yan kipeo cha pili. Aliyeibuni hesabu hiyo ni Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830, mtu wa hisabati na sayansi ya nyota wala hakuwa daktari, alikuwa anamsaka "mtu wa wastani". Jina la BMI limekuja 1972. Afu 1998 Marekani wakashusha mstari wa uzito uliozidi mpaka 25, kwa wanaume ulikuwa 27.8, wanawake 27.3. Mamilioni ya watu wakalala wako sawa wakaamka wamezidi uzito na hakuna aliyeongezeka hata gramu!! Sisemi unene hauna madhara, unayo, ila mstari umechorwa na watu kikaoni.

Lingine hili linaniudhi zaidi, masanamu ya kupimia ajali za gari. Miaka na miaka sanamu kuu limekuwa mwili wa mwanaume wa wastani, kama sentimita 175 na kilo 78, mkanda na siti vikapimwa kwa huyo. Mwanamke mfupi anayesogeza siti mbele kufikia pedeli hakuwepo kwenye hesabu, na kwenye ajali zinazofanana wanawake ndo wanaumia zaidi. Sasa huo mfupa umevunjwa na biolojia peke yake?

mzee_wa_data:
Hiyo ya sanamu nimekupa dada. Ya mwendo bado.

Mdadisi_77:
Aisee nimeanza kuelewa. Kwenye insha niweke ipi sasa, mabeleshi au BMI?

kalamu_nyeusi:
Zote, ila usizichanganye. Beleshi ni jamii inavyoufundisha mwili, BMI na sanamu ni jamii inavyoupima. Ongezea na mtu wa kiti cha magurudumu mbele ya jengo lenye ngazi tupu, uulize kilichomzuia kuingia ni miguu yake au aliyechora ramani.

Bi_Hoja:
Na lekchara akikuuliza mifupa, mpe miguu ya wanawake wa China iliyofungwa tangu utotoni mpaka ikapinda, serikali ikapiga marufuku 1912. Hapo hata @mzee_wa_data hana pa kutokea 😄