Naomba ushauri: nataka kuwa mkalimani wa mikutano, tarakimu zinaniangusha

Habari zenu wapendwa. Nimetafsiri nyaraka kwa miaka 5, sasa lengo langu ni ukalimani wa papo kwa papo, ule wa kuvaa vipokea sauti na kusema huku msemaji naye anaendelea. Nimefanya usaili mara mbili, nimeanguka mara zote mbili. Sijakata tamaa, ila nimechoka kuanguka palepale.

Msamiati ninao. Shida ni tarakimu. Juzi nilikuwa najirekodi, nikakwama kwenye "bilioni tatu nukta..." Nilipoikumbuka iliyobaki, msemaji alishanipita sentensi mbili. Kibandani, kile chumba kidogo cha kukalimania mkutanoni, wakalimani hukaa wawili, hupokezana kila baada ya dakika 30 hivi, na aliyepumzika humwandikia mwenzake namba na majina. Mimi niko peke yangu usiku na simu, nani aniandikie?

Kila Jumamosi nafanya mazoezi na wenzangu wawili. Wananitia moyo mno, Mungu awabariki, lakini nikimaliza tu ni "umeupiga mwingi!" hata pale nilipogeuza milioni kuwa bilioni. Nikijisikiliza baadaye naona aibu.

Mliopita njia hii, tarakimu mlizishindaje? Mnaziandika zote au mnabaki nyuma kidogo ya msemaji? Na hawa wenzangu niwaambieje wanikosoe bila kuonekana sina shukrani? Usaili mwingine ni baada ya miezi 3. Msinionee huruma.