Re: Kompyuta inapiga kelele eti ina virusi

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Dada uliyeuliza, lile dirisha linalojaa skrini nzima huku sauti inasema kompyuta imefungwa, piga namba hii ya Microsoft, usipige kabisa! Ujumbe halisi wa Microsoft wa hitilafu huwa hauna namba ya simu. Na kompyuta haijafungwa wala nini, ni ukurasa tu wa brauza, shikilia Esc sekunde kadhaa utapungua halafu uufunge, ukigoma bonyeza Ctrl+Alt+Delete, ingia Task Manager uizime brauza yenyewe, na ukiifungua tena ikauliza irudishe kurasa za mwanzo kataa.

Ukipiga ndo balaa. Anapokea mtu mpole kweli, atakwambia uweke AnyDesk au TeamViewer (programu halali za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, mafundi wanazitumia kila siku) umsomee namba zilizotokea, hapo keshaingia ndani. Halafu anafungua Event Viewer (daftari la Windows la matukio ya kompyuta) anakuonyesha alama nyekundu kibao aseme ndo virusi hivyo, kumbe alama hizo hata Windows isiyo na shida yoyote inazo. Mwisho anataka kadi za zawadi za dukani, au uingie kwenye akaunti yako ya benki yeye akiona, eti akurudishie hela.

Kama ulishamruhusu, zima wifi kwanza mengine baadaye. Sisi wa Uingereza tunapiga 159, inakuunganisha na benki yako. Kisha kwa simu, sio kwa kompyuta hiyo, badilisha paswedi ya imeli kabla ya zingine zote, maana mwenye imeli yako anaomba paswedi mpya ya kila kitu na inamfikia yeye.

Antivirus ya kulipia mi sioni sababu, Defender iliyomo humo humo kwenye Windows inatosha mradi usiahirishe apdeti. Ile WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai hela, ikavuruga hospitali za NHS (huduma ya afya ya huku Uingereza), ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishatoa apdeti ya kuliziba tangu Machi! Na wenye Windows 10 mjue huduma yake ya kawaida, yaani apdeti za usalama za kila mtu, iliisha 14 Oktoba 2025.

---

Asante sana kaka, nimeshalifunga. Na mama yeye anatumia Mac, huko halipo?

---

Lipo dada, tena lile lile. Mwambie abonyeze Command+Option+Esc, achague Safari, abofye Force Quit. Na akiifungua tena ashikilie Shift, isije ikaurudisha ule ukurasa.