Majani ya tembo: niyakate yakiwa na urefu gani?

Muulizaji, Wete:
Assalaam alaykum. Majani yamenipita kichwa, mzigo mkubwa kweli, lakini ng'ombe anakula majani na kuacha mabua. Niwahi kukata?

Jibu, Chake Chake:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Wahi. Bua likikomaa nyuzinyuzi huzidi, protini hushuka. Kata yakifika mita 1 hivi. Wakati wa masika huchukua kama wiki 6 hadi 8 kufika urefu huo. Bakisha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, maana machipukizi hutegemea akiba ya kisikini na mizizini. Tafadhali usikwangue ardhi!

Jibu, Konde:
Wala usikate kila mara; shina huchoka, magugu yakaingia. Na samadi irudi shambani kila ukishakata.

Muulizaji:
Na kiangazi?

Jibu, Chake Chake:
Hukua polepole. Fuata urefu, si kalenda.